Simu Mkononi, Mashine Ukumbini: Nani Atamrithi Mwenziwe?

Kuna suali linaloulizwa sana siku hizi mabarazani na majumbani, na wakubwa wengi hulipuuza kwa kulidhani kuwa ni la watoto. Suali lenyewe ni hili: je, michezo inayochezwa kwenye simu za mkononi itaziondoa kabisa zile mashine za michezo zinazofungwa kwenye televisheni? Mzazi aliyekusudia kumnunulia mwanawe mashine anachelea asije akatoa fedha zake kwa kitu kinachokaribia kufa. Mwenye banda la gemu mtaani anajiuliza kama wateja wake watamrudia, ilhali kila mmoja wao ametia mchezo mfukoni. Na mtumishi wa Serikali aliyekabidhiwa mambo ya vijana, elimu au biashara, hana budi kujua ni kitu gani hasa anachotakiwa kukisimamia.

Sisi tunapenda kutoa jawabu letu mapema. Simu imekwisha kuishinda mashine kwa wingi wa wachezaji na kwa wingi wa mapato. Haijaishinda, wala hatudhani kuwa itaishinda, katika kazi ya kuwakutanisha watu mbele ya mchezo mmoja, na katika ule utaratibu wa kununua kitu kwa bei inayojulikana na kikawa chako. Kwa hivyo jambo la kuangaliwa na wananchi pamoja na viongozi wao si chombo kipi kitabakia. La kuangaliwa ni namna watoto wetu wanavyotozwa fedha wakiwa katika mchezo, na ni nani anayecheza pamoja nao.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, na tutazame yaliyotokea Japani, nchi ya visiwa kama sisi, ambako mashine hizi zilikulia. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa katika mji wa Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Tarehe 15 Julai 1983 ilitoa mashine iliyoitwa Famicom kwa bei ya yeni 14,800. Mashine hiyo ilikuwa na pedi mbili, na michezo yake ilikuwa katika kaseti za kuchomeka. Duniani kote ziliuzwa zaidi ya milioni 60. Disemba 1994 kampuni ya Sony nayo ikatoa PlayStation, na mwaka 2000 ikatoa PlayStation ya pili, iliyouzwa zaidi ya milioni 155. Hadi leo hapana mashine nyingine ya michezo iliyoifikia kwa mauzo.

Simu iliingia katika uwanja huu kwa unyenyekevu. Mwaka 1997 Nokia ilitia mchezo wa nyoka katika simu yake ya 6110, na watu wengi waliokuwa hawajapata kushika pedi hata siku moja wakajikuta wanamlisha nyoka huyo huku wakingojea gari. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2007 ilipotoka iPhone, na zaidi Julai 2008 pale Apple ilipofungua duka lake la programu. Tangu siku hiyo mchezo haukuhitaji tena kaseti, wala sahani, wala muuzaji wa dukani. Uliteremka wenyewe kwa intaneti hadi kiganjani.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Dunia ililipokea jambo hilo kwa shangwe, na mashine za michezo zikaanza kuandikiwa tanzia. Wala waliokuwa wakiziandika hawakuwa wajinga, kwani dalili zilionekana. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa mashine yake ndogo ya 3DS kwa yeni 25,000, na kabla ya miezi sita kutimia ikalazimika kuishusha hadi yeni 15,000. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 2012 zilionyesha hasara ya zaidi ya yeni bilioni 40. Mashine ya Wii U, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2012, iliishia kuuzwa kiasi cha milioni 13 na nusu tu. Rais wa kampuni hiyo, Satoru Iwata, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuipeleka michezo yake kwenye simu, alijipunguzia mshahara kwa nusu mwanzoni mwa mwaka 2014. Machi 2015 akakubali kushirikiana na kampuni ya DeNA ili kutengeneza michezo ya simu. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huo huo, alifariki dunia.

Lau hadithi ingekomea hapo, jawabu la suali letu lingekuwa jepesi. Lakini haikukomea hapo. Machi 2017 Nintendo ilitoa mashine iitwayo Switch, ambayo mchezaji huichukua mkononi akiwa safarini, na akifika nyumbani huiweka katika kikalio chake picha ikahamia kwenye televisheni. Mashine iliyokuwa imeandikiwa tanzia ilijifunza tabia moja ya mwuaji wake, nayo ni kufuatana na mwenyewe popote aendapo, bila ya kuacha tabia yake ya asili. Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150. Ndugu yake wa pili, iliyotoka Juni 2025, iliuzwa zaidi ya milioni 3 na nusu katika siku nne za mwanzo. PlayStation ya tano nayo, tangu Novemba 2020, imekwisha kupindukia milioni 80. Hizo si takwimu za maiti.

Hata hivyo, tusijidanganye kwa kuihesabu mashine peke yake. Kwa makadirio ya watafiti wa soko, karibu nusu ya fedha zote zinazotumiwa duniani kwa michezo ya aina hii hupitia kwenye simu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haikutolewa kwenye mfuko wa mashine. Imetoka kwa watu ambao mashine haikupata kuwafikia: mama anayesubiri zamu yake hospitali, mwanafunzi aliyemo ndani ya daladala, mlinzi wa usiku langoni. Simu imeongeza ukubwa wa uwanja. Haikumfukuza aliyekuwemo.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu, nacho ni bei. Disemba 2016 Nintendo ilipeleka kwenye simu mchezo wa Super Mario Run. Mchezaji alionjeshwa bure sehemu ya mwanzo, kisha akatakiwa alipe kiasi cha dola 10, mara moja tu, na mchezo wote ukawa wake. Utaratibu huo ni ule ule wa kaseti za mwaka 1983. Miezi miwili baadaye kampuni hiyo hiyo ikatoa mchezo mwingine wa simu, Fire Emblem Heroes. Huo ulikuwa bure kuuchukua na bure kuucheza, lakini mashujaa wanaotamaniwa hupatikana kwa kuchezesha bahati nasibu, na mwenye kutaka kujaribu mara nyingi hulipa mara nyingi. Matokeo yake ni somo kubwa. Mario alichukuliwa kwenye simu zaidi ya mara milioni 200 kabla ya mwaka 2017 kumalizika, na bado kampuni yenyewe ikasema kwamba faida haikufikia kiwango kilichokubalika. Ule mchezo wa bahati nasibu, uliokuwa na wachezaji wachache zaidi, ukaingiza mapato makubwa mara nyingi kuliko Mario.

Msomaji na alipime jambo hili kwa utulivu. Mchezo wenye bei ya wazi ulishindwa na mchezo usiokuwa na bei. Mchezo wenye bei unapomalizika unamwachia mtoto aende zake. Hauna sababu ya kumshika, kwa kuwa fedha yake imekwisha kupokewa. Mchezo wa bure haumalizikii. Hauna budi kumrudisha mtoto kila siku kwa zawadi ndogo, kumtia hofu ya kupitwa na sherehe ya wiki hii, na kumwonyesha mwenzake aliyetangulia kwa kuwa alilipa. Wazee wetu walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hapa ni haba na haba hukitoboa kibaba, na mwenye kibaba hajui ni lini kilipoanza kuvuja.

Fauka ya hayo, iko khabari ya umiliki. Kaseti ya mwaka 1983, kama mashine yake ni nzima, huchezeka hata leo. Mchezo wa simu uitwao Dragalia Lost, ambao Nintendo ilishiriki kuutoa mwaka 2018, ulizimwa mwishoni mwa Novemba 2022, na kila kilichonunuliwa ndani yake kikaondoka nao. Kwa uadilifu hatuna budi kuongeza kwamba mashine nazo zimeanza kuambukizwa. Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la intaneti la mashine zake za 3DS na Wii U. Na mchezo wa mpira wanaoupenda vijana wetu, uliokuwa ukiitwa FIFA na tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, kwa miaka mingi umekuwa ukiuza pakiti za wachezaji ambazo mnunuzi hajui kilichomo mpaka azifungue. Kwa hivyo maradhi hayamo katika simu kwa kuwa ni simu. Yamo katika namna ya kutoza, na simu ndiyo njia yake iliyo nyepesi kuliko zote.

Tukirudi nyumbani, Unguja na Pemba, mizani inabadilika kidogo. Hapa simu ina hoja zake ambazo mtu mwadilifu hawezi kuzikataa. Mashine mpya ya Switch ilitolewa Marekani kwa karibu dola 450 kabla ya kuongeza usafiri na ushuru, seuze televisheni ya kuifungia. Simu imekwisha kununuliwa kwa kazi nyingine: kupigia, kupokelea fedha, kusomea. Mchezo ndani yake ni ziada. Tena mashine ya ukumbini ni mtumwa wa umeme. Wananchi wa Unguja hawajasahau Mei 2008, waya wa chini ya bahari ulipokatika mawasiliano yake na gridi ya bara na kisiwa kikakaa kizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Wala hawajasahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba nayo ilitegemea majenereta mpaka mwaka 2010, ulipofika waya wake kutoka Tanga. Katika siku kama hizo simu hutiwa chaji kwa kibao cha jua au kwa jirani mwenye jenereta, na mashine hubakia kuwa pambo.

Lakini liko jambo jengine ambalo halipimwi kwa dola wala kwa umeme. Visiwa hivi vina desturi ya kucheza hadharani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wanaokaa kitako mbele yake ni wawili tu, lakini wanaolicheza ni baraza zima. Yuko anayehesabu, yuko anayemcheka aliyekosea, yuko mzee anayemwonya kijana asikimbilie kula nyumba yake ingali imejaa. Mtoto hujifunza hapo hesabu, na hujifunza jambo kubwa kuliko hesabu, nalo ni kushindwa mbele za watu bila ya kukasirika. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi jirani, majirani walikusanyika penye kioo kimoja na wakaitazama kwa pamoja.

Banda la gemu la mtaani, pamoja na kasoro zake zote, ni mtoto wa desturi hiyo. Vijana wanne hushindana, kumi hutazama, na anayefungwa humpisha mwenziwe. Mtu mzima akipita huona ni nani aliyekuwepo na saa ngapi. Simu haina mlango wa kupitia mtu mzima. Mtoto aliyejifunika shuka na simu yake saa sita ya usiku yuko mbali na wazazi wake kuliko aliyepo banda la mtaa wa pili.

Hatusemi kwamba simu haiwezi kukusanya watu. Julai 2016, mchezo wa Pokémon GO uliwatoa watu majumbani katika miji mingi ya dunia, wakatembea kwa miguu na kukutana viwanjani. Wala hatusemi kwamba simu haina faida kwa mwenye kutengeneza. Kijana mmoja wa Vietnam, Dong Nguyen, alitengeneza peke yake mjini Hanoi mchezo mdogo wa Flappy Bird, ukatoka mwaka 2013, na Januari 2014 ukawa unaongoza kwa kuchukuliwa. Februari mwaka huo aliuondoa mwenyewe sokoni akieleza kwamba watu wameutegemea kupita kiasi. Mashine ya ukumbini haimfungulii mlango kwa wepesi huo mtu asiyekuwa na mtaji. Na katika vijana wetu wapo wenye akili ya kuitia ngalawa, bao na ngano za visiwa hivi katika mchezo wa simu, lau watapata mafunzo na mtu wa kuwashika mkono.

Sasa tuseme machache kwa wenye dhamana. Serikali mbalimbali zimekwisha kujaribu kuudhibiti mchezo kwa kukidhibiti chombo, na matokeo hayakuwa mazuri. China ilipiga marufuku mashine za michezo mwaka 2000 na haikufungua mlango hadi mwaka 2014. Katika muda wote huo watoto hawakuacha kucheza. Walihamia kwenye kompyuta, na baadaye kwenye simu. Ilipofika Agosti 2021 nchi hiyo hiyo ilitangaza kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze michezo ya mtandao saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu ya usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea ya Kusini ilianza mwaka 2011 kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kwenye mtandao tangu saa sita ya usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Sheria hiyo iliikamata kompyuta na kuiacha simu, na watoto wakaifuata simu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ikaondolewa.

Waliofanikiwa zaidi ni wale walioiangalia fedha. Mwaka 2012 mamlaka ya kuwalinda watumiaji ya Japani ilitangaza kwamba aina moja ya bahati nasibu za michezoni, ile inayomtaka mchezaji akusanye seti nzima ndipo apate zawadi kubwa, inavunja sheria, na kampuni zikaiacha. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati katika michezo kadhaa ni kamari. Katika mwaka uliofuata zile pakiti za FIFA hazikuuzwa tena huko kwa fedha, na Fire Emblem Heroes ikaondolewa katika nchi hiyo. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kutawaliwa na michezo katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Kwa msingi huo tunashauri mambo matatu. Kwanza, vyombo vinavyosimamia biashara, mawasiliano na michezo ya bahati nasibu vikae pamoja na kutoa jawabu moja lililo wazi: kumuuzia mtoto bahati ndani ya mchezo ni kamari au si kamari? Ikiwa ni kamari, basi na ifuate sheria ya kamari, iwe ndani ya simu au ndani ya mashine. Pili, mabanda ya gemu yasifukuzwe kama wahalifu. Masheha wayajue, yafungwe wakati wa skuli na usiku, yawe na hewa na mwangaza, na pasiwekwe fedha juu ya matokeo. Banda lililo wazi mbele ya macho ya mtaa lina manufaa kuliko kumi yaliyojificha. Tatu, skuli na vyuo vyetu viwafundishe vijana kutengeneza michezo, ili tusibakie kuwa wanunuzi wa michezo ya wengine siku zote.

Na kwa wazazi, neno letu ni fupi. Namba ya siri ya akaunti ya fedha za simu si ya kumpa mtoto. Simu huwa na mahali pa kufungia manunuzi, na pafungwe. Na kabla ya kumruhusu mtoto mchezo wowote, aulizwe masuali mawili: mchezo huu unamalizika? Na unaucheza na nani? Asiyeweza kujibu la kwanza atakuwa analipishwa, hata kama bado hajalipa. Asiyeweza kujibu la pili anahitaji mtu wa kukaa naye, na mtu huyo wa mwanzo ni mzazi wake.

Mashine itaendelea kuwepo ukumbini, na simu itaendelea kuwepo mkononi, kila moja kwa kazi yake. Kisichojilinda chenyewe ni mfuko wa mtoto na nafasi ya wenzake ubavuni pake. Hivyo viwili vimo katika dhamana yetu.